Mwaka Niliowekwa Ndani na Kibogoyo

Simu ya Thecla ilinikuta na pini mdomoni, nimepiga magoti mbele ya gauni la bibi harusi wa watu, kwa hiyo nilichoweza kujibu ni "mmh" tu. "Mama hataki kutoka," akasema. Nikazitema pini kiganjani. "Hataki kutoka wapi?" "Chumbani, Da Fausta. Mguu aliouvunja pale kwenye ngazi ya uani umepona, daktari kasema umepona, fimbo anayo. Anazunguka kitanda kutwa kama mtu aliyedondosha sindano. Ukimwambia mama twende barazani ukaote jua, anakwambia bado. Njoo wewe. Wewe ndiye mwali wake." Nikacheka peke yangu mpaka bibi harusi akaniuliza kama gauni lina kasoro. Anayenifahamu ataelewa. Mimi ni mtu wa ndani. Cherehani yangu iko sebuleni, wateja wananifuata, na nikisikia kuna shughuli mjini Morogoro huanza kuumwa kichwa tangu wiki ya maandalizi. Kuniita mimi nikamtoe mtu chumbani ni sawa na kumpa fisi darasa la kufunga. Lakini anayeitwa na somo wake haendi kwa kupenda. Nikavaa khanga, nikafunga mlango, nikateremka kwa miguu hapa hapa Bigwa kuelekea kwa Somo Blandina, na njia nzima lile neno "bado" likawa linanizunguka kichwani, maana nililijua. Nililijua vizuri sana. Tuliwahi kukaa nalo chumba kimoja, mimi, yeye, na kiumbe mmoja asiye na mdomo.

Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Kwetu Waluguru msichana akivunja ungo huwekwa ndani, anapewa somo wa kumfunda, na siku akiiva anatolewa kwa ngoma mbele ya ukoo. Mimi shule ilinichelewesha, Bibi akakubali kuniweka kiporo. Nilipofunga tu daftari la mtihani wa mwisho, kiporo kikapashwa moto. Wenzangu walikwenda kujifunza kompyuta mjini, wengine wakaenda kwa shangazi zao Dar kunenepa na kuchubuka, mimi nikaingizwa chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba. Wenzangu walinionea huruma. Ningewaambia ukweli wangenipiga. Mimi tangu utoto kwenda dukani kununua chumvi nilikuhesabu kuwa ni safari, nilikuwa naaga. Na sasa wakubwa kwa kauli moja wamekaa kikao wakaamua kwamba mtoto huyu asitoke nje, asifanye kazi ya jua, asionwe na watu, aletewe chakula. Niliinamisha kichwa kama mtu aliyehukumiwa, na chini ya khanga nilikuwa natabasamu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha binamu yangu Kanuti, ambaye alikuwa amepata kibarua cha reli kule Kisaki na akaondoka kwa haraka, na vitu vyake akaviacha vilivyo. Kitanda cha kamba. Dirisha moja linalotazama mlima, ambalo Bibi aliliziba kwa khanga nyekundu nisionekane, hivyo kila asubuhi jua likipanda juu ya Uluguru chumba kizima kilikuwa kinageuka rangi ya nyanya. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la iliki na mdalasini za kutoka Matombo zikisubiri kwenda sokoni, na mpaka leo nikinusa chai yenye mdalasini kidole gumba changu cha kulia kinacheza chenyewe. Juu ya sanduku, televisheni yenye kisogo kikubwa ambayo haikubali kuwaka mpaka uizabe kofi. Na chini ya kitanda, imefungwa kwenye shati la Kanuti lililokatika kwapa, mashine ya gemu, na pedi yake ya kuchezea, na diski moja tu. Moja. Jalada lake lilikuwa na maandishi ya huko yalikotengenezwa, yamesimama kama nyayo za kuku kwenye matope. Sikujua gemu linaitwaje, na sijui mpaka leo.

Chakula kililetwa kama cha mgonjwa wa kifalme. Asubuhi uji wa karanga mzito unaosimamisha kijiko. Mchana ugali ambao Bibi aliusonga kwa mfano wa mlima uliokuwa nje, na maharage ya nazi. Jioni magimbi, ndizi za Matombo, na tena ndizi. "Kula, mwali haonyeshi mbavu," Bibi alikuwa akisema, na sahani ikirudi na kitu anairudisha na cha nyongeza. Baada ya chakula nilikuwa nalala ubavu na kusikiliza jikoni, maana ukuta ulikuwa mmoja. Hapo ndipo nilipomfahamu vizuri Bi Rukia, jirani yetu na wa Somo Blandina, wa ng'ambo ya njia, na mtani wetu wa ukoo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu mlima wa pili. Mtani ana haki yake kwetu. Akikutukana kwenye shughuli unamshukuru. "Mwali wenu mzima humo ndani?" alikuwa anauliza kwa makusudi karibu na dirisha. "Maana jana nimemwona kupitia tundu, nikadhani mjomba kafuga kiboko." "Kakuroga nani wewe," Bibi anajibu. "Subiri siku akitolewa." "Nasubiri kwa hamu! Nimeshaanza kumfanyia mazoezi. Siku hiyo akikosea hata bega moja, nitamwigiza mpaka apate wajukuu." Nacheka ndani ya mto, halafu nacheka kidogo, halafu sicheki kabisa. Maana Bi Rukia hakuwa anatania. Alikuwa anatania, lakini alimaanisha.

Kutolewa ndiko kulikokuwa kunanisubiri. Mwali wetu hatoki tu kwa kufungua mlango. Anabebwa begani na mjomba, juu, mbele ya ukoo wote ulioteremka milimani, ngoma zinapigwa, na kule juu anatingisha mabega kwa mapigo, bila kushika kitu, bila kucheka, bila kulia. Akiweza, somo wake anasifiwa na nyumba yake inasifiwa. Akishindwa, watani wanachukua kosa lake na kuligeuza mchezo, na unaweza kukuta msibani miaka ishirini baadaye mtu anaigiza namna ulivyoning'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Mimi niliogopa watu, niliogopa urefu, na mabega yangu yalikuwa mawili yasiyosikilizana. Kwa hiyo nilifanya alichofanya kila mtu mwoga tangu dunia iumbwe. Nilitafuta shughuli nyingine.

Nilipoizaba televisheni kofi na kuwasha ile mashine, kilitokea kijitu kidogo kimesimama mbele ya kijiji, kina kijiti mkononi. Uso wake ulichorwa kwa nukta chache: macho mawili, pua kidogo, mdomo hakuna. Hakuwa na kitu kingine duniani. Ukimpeleka msituni anakutana na vyura, vyura wa samawati, na chura mmoja tu wa hao alikuwa anaweza kumlaza chini. Nilikufa na kufufuka, nikafa na kufufuka. Halafu nikaua chura wa kwanza. Pakatokea nambari ndogo, ikapanda. Nikaua wengine kadhaa, na mara mashine ikapiga muziki mfupi, tiriririi, kijitu kikang'aa mwili mzima, na kwenye ukurasa wake zile nambari zote zikasogea. Yule chura aliyekuwa ananiua jana, leo nampiga mara mbili anakwisha. Niliganda pale kitandani na pedi mkononi. Sikuelewa hata neno moja la kule kwao, lakini nambari ni nambari hata Ulaya, na muziki ule niliuelewa kuliko hotuba yoyote niliyowahi kusomewa paredi. Ulikuwa unaniambia: nimeona ulichofanya.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa kwenye cherehani, kwa sababu sasa watoto wa mtaa mzima wameinamia simu na wazazi wananiuliza mimi, kama mzoefu, kuna nini humo. Wanadhani ni rangi, au risasi. Sidhani. Jaribu kukumbuka ulipokuwa na umri ule, ni nani aliyekwambia kwamba umekua? Unasoma mwaka mzima, unapanda nafasi mbili darasani, unaambiwa "na hao waliokutangulia wana vichwa viwili?" Unajifunza kusonga ugali, unaambiwa una madonge. Ukiyamaliza madonge, hakuna anayesema kitu. Unakula, wanakula, vyombo vinaoshwa. Maisha yanakuza mtu kimyakimya kama kucha. Halafu unakutana na kitu ambacho kila ukinyanyua kidole kinakujibu. Umeua chura? Nimekuona. Umeokota kofia? Vaa, tazama sasa hupigwi sana kichwani. Hakisemi "bado". Na kijitu chenyewe si cha mtu mwingine, umekitoa mbali mwenyewe, unakijua kilivyoanza na kijiti, na leo kina upanga na viatu. Unawezaje kukilaza njaa? Unasema nitamwongeza levo moja tu halafu nizime. Na levo moja ikipatikana, ile inayofuata imeshaanza kuita.

Somo Blandina alikuwa akija kila siku baada ya chakula cha mchana, mwanamke mrefu, mwenye mwanya, anayetembea kama anayebeba maji hata akiwa mikono mitupu. Aliyonifunda mengine siyaandiki. Somo wangu yu hai na fimbo anayo. Nitasema ya mabega tu. Alinikalisha juu ya kinu kilichogeuzwa, akachukua ndoo ya plastiki akaipiga, akaniambia tingisha. Nikatingisha. Akaacha kupiga. Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni baridi au ndiyo ngoma?" Siku zikapita hivyo, mimi natetemeka na yeye anavuta pumzi, na akiondoka tu nachomoa mashine chini ya kitanda. Mpaka siku moja alipowahi. Sikusikia hatua zake, kwa sababu Kibogoyo, jina hilo alikuja kumpa yeye, ndiyo kwanza alikuwa anapanda levo, na ule muziki ukapiga tiriririi mlango unafunguka.

Nilidhani nimekwisha. Somo alisimama na khanga yake begani, akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akakaa kitandani. "Sinema gani hii, mbona mtu mwenyewe haongei?" "Si sinema, somo. Ni gemu. Mimi ndiye ninayemwendesha." "Anakwenda wapi na upanga?" Nikamweleza kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya baraza: alianza hana kitu, ana kijiti tu, anapewa kazi moja moja, akiimaliza anaongezewa nguvu, anabadilishiwa nguo, halafu mwisho kabisa kuna mlango mweusi, na nyuma yake jitu la kutisha, akilishinda ndiyo ametoka. Somo alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea. Ukalainika. "Haya, sema hivyo," akasema. "Huyu naye kumbe ni mwali." "Ni mwanamume, somo." "Mwanamume kwa ndevu zipi? Hata mdomo hana, kibogoyo wa watu. Anafundwa, anapewa kazi, anavalishwa, anangoja kutolewa. Nani somo wake?" Nikaitazama pedi mkononi mwangu. "Basi ni wewe," akasema. "Mfunde vizuri. Na ule wimbo wanampigia wa nini?" "Akiongezeka, somo. Wanampongeza." Akanigeukia. "Kila akiongezeka?" "Kila akiongezeka." Akainuka, akageuza kinu. "Zima hiyo. Panda hapa."

Siku hiyo hakuniambia nicheze. Aliniambia niinue bega la kushoto peke yake, mara moja, kwa pigo moja la ndoo. Nikainua. Somo akaziba mdomo kwa kiganja, akapiga kigelegele kidogo, cha ndani ya mkono, kisichovuka ukuta. Nikamshangaa. "Unashangaa nini? Umeongezeka. Sasa la kulia." Bega la kulia, kigelegele kingine. Kesho yake mabega mawili kwa zamu. Kesho yake kwa pamoja. Kisha kinu kikapandishwa juu ya meza, mimi nikapandishwa juu ya kinu, na nikiweza kukaa bila kushika ukuta napigiwa kigelegele cha kiganjani. Naapa nilikuwa naamka asubuhi nikikitamani kama uji. Tulikuwa tukifunda kwa zamu: saa ya kwanza mimi, saa ya pili Kibogoyo. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua nguo zake. "Usimvalishe hilo koti, linamfanya kama askari wa mgambo." Akipigwa na adui anafoka, "Mrudishe nyuma, huoni amechoka?" Umeme ukikatika kabla hatujahifadhi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya mashine, tulikuwa tunakaa gizani wawili tumeshika tama kama waliofiwa.

Miezi ikaenda. Kibogoyo akawa na mabawa ya chuma. Mimi nikawa naweza kukaa juu ya kinu juu ya meza na kutingisha mabega mpaka vikombe vya Kanuti vinagongana kabatini. Na jikoni maneno yakaanza kubadilika sauti. "Blandina," nilimsikia Bibi, "ndugu wa Matombo wanauliza siku. Masika ikianza barabara ile haipitiki, hatakuja mtu, itabidi tungoje msimu mwingine. Mwali ameiva au ameungua?" "Bado kidogo," somo akajibu. "Bado nini? Tangu mwezi uliopita bado." Na Bi Rukia, kwa sauti ya kunifikia: "Mwacheni somo wa watu. Labda kasahau. Huyu ni mwali wake wa kwanza tangu alipofiwa na mume, na kazi isipofanywa huota kutu. Akishindwa na huyu hatapewa mwingine." Nilikaa kitandani na pedi mkononi, ugali ukipoa miguuni kwangu. Sikuwa nimejua kwamba "bado" yake ilikuwa inamgharimu. Nilidhani alikuwa anaisema kwa sababu ni kweli.

Alipoingia mchana ule nilikuwa nacheza, na sikuzima. Alikaa nyuma yangu. Alitazama muda mrefu, mimi nikimpitisha Kibogoyo huku na huko, naua, napata nambari, naua, napata nambari. "Mwanangu," akasema taratibu, "hawa si vyura wale wale wa mwanzo?" "Ndiyo, somo." "Wale walioanza kumpiga akiwa na kijiti." "Ndiyo. Naongeza nguvu." "Wanamwongezea kiasi gani?" Nikamwonyesha. Ilikuwa nambari ndogo kama punje ya mtama kwenye ghala. "Na yeye wanamfanya nini?" Hawakuwa wanamfanya kitu. Walikuwa wanaruka na kugonga magoti yake na kuanguka wenyewe. "Na ule mlango mweusi uko wapi?" "Uko mbali kidogo." "Umeshaufikia?" Nikaendelea kubonyeza. Nilishaufikia. Niliufikia kitambo, kabla ya mabawa, kabla ya koti alilolipenda somo. Nilisimama mbele yake, nikasikia ngoma za ndani zikidunda, nikarudi msituni kwa vyura. "Fausta," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina tangu niwekwe ndani. "Huyu humfundi tena. Huyu unamnenepesha. Mpeleke mlangoni."

Nikaifuta pedi kwa khanga. Kibogoyo akavuka mto, akapanda ngazi, akasimama mbele ya mlango mweusi. Ngoma zikadunda. Nikamtazama somo, somo akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikabonyeza. Jitu likatokea, vichwa vitatu, moshi puani, limejaza kioo chote. Nikafumba jicho moja nikampigisha upanga. Likayumba. Nikapiga tena. Likapiga magoti. Nikapiga mara ya tatu, na likaanguka kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye baiskeli. Tukakaa. Tulikuwa tunangoja liinuke, maana haiwezekani. Halikuinuka. Nilikuwa nimeweka akiba dawa zote, na ule upanga mkubwa wa mwisho sikuwahi hata kuuchomoa. "Ndiyo huyo?" somo akauliza. "Ndiyo huyo," nikasema. "Ndiye uliyekuwa unamwogopa huyu?" Sikuweza kujibu kwa kicheko, na yeye alikuwa ameshaanza, kile kicheko chake cha mwanya, tumeegemeana kama walevi, na wakati huo kwenye kioo mlango ule ukafunguka upande wa pili, Kibogoyo akatoka kwenye jua, watu wa kijiji chake wamejipanga wanamrushia maua. Na Somo Blandina, machozi ya kicheko yakiwa mashavuni, alipoona mwali anatolewa, akafanya anachofanya kila mwanamke wa kwetu aonapo mwali anatolewa. Akainua kichwa, akapiga kigelegele. Si cha kiganjani. Kizima.

Kwetu kigelegele kizima cha somo kikitoka chumba cha mwali kina maana moja tu: ameiva, tangazeni siku. Somo alikumbuka hilo pumzi moja baadaye, nikamwona anashika mdomo. Tukasikia jikoni mwiko ukianguka. Halafu Bibi akajibu, kigelegele kirefu cha mwanamke aliyengojeshwa. Kikadakwa nyumba ya pili, ikadaka ya tatu, kikapanda Bigwa yote kuelekea mlimani, na katikati yake sauti ya Bi Rukia: "Ameivaaa! Kiboko ameivaaa!" Somo akanigeukia. "Somo," nikamwambia, "si ulikuwa unampigia Kibogoyo?" "Ndiyo," akasema. "Kawaambie." Nani angekwenda kuwaambia? Kigelegele hakirudishwi kinywani. Nimemwuliza mara nyingi tangu siku ile kama kweli alisahau, na kila mara ananijibu kwa kunitaka nimsogezee chai.

Nilitolewa kabla ya mvua. Walikuja kutoka Matombo na vikapu vya machungwa na mikungu, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mjomba aliinama, nikapanda begani kwake, akajaribu kuinuka mara ya kwanza akashindwa, na Bi Rukia akapiga kelele, "Mleteeni winchi!" Mara ya pili akainuka, nikasikia mgongo wake ukilia na yeye akinong'ona, "Mwali, umekula mlima wangu wote." Nikawa juu. Mlima ukawa mbele yangu, ule ambao miezi yote ile niliuona mwekundu kupitia khanga, sasa wa kijani, na mabati ya Bigwa chini yake, na nyuso, nyuso, nyuso zote zimeinuka kunitazama. Hofu ilikuja. Nilihisi inanijaza kama lile jitu lilivyojaza kioo. Halafu ngoma ikapigwa pigo la kwanza, na bega la kushoto likaenda. Sikulituma. La kulia likalifuata. Kumbe nguvu zote zile zilikuwa zimekaa mwilini muda mrefu, zikinisubiri tu nizitumie. Niliyatingisha mabega yale mpaka shanga zikawa zinalia, mpaka wapiga ngoma wakaongeza mwendo kunijaribu nikaenda nao, wakaongeza tena, nikaenda nao, mpaka mjomba aliyekuwa ananung'unika akaanza kucheza na mimi juu yake. Bi Rukia alikuwa amesimama mbele kabisa, amejifunga khanga tayari kuniigiza. Akangoja kosa. Akangoja. Mwisho akaifungua ile khanga, akaitandika chini mjomba aikanyage, akasema, "Haya, nimeshindwa, shetani wa watu wewe," akapiga kigelegele kuliko wote. Pembeni ya ukuta Somo Blandina alikuwa amesimama wima, mwanya wote nje. Mwaka uliofuata alipelekewa wali watatu wa kufunda.

Sikuwa mtu mwingine baada ya hapo, msidanganyike. Nilirudi ndani. Napenda ndani. Kanuti aliporudi alichukua mashine yake, akaniuliza nani amemfikisha mtu wake huko, nikamwambia ni somo. Lakini nilitoka na kitu ambacho nakitumia mpaka leo. Naweza kujua, nikijitazama vizuri, ni lini najiongeza na ni lini naua vyura. Ukipita mwezi mzima nachora gauni lile lile na kulifuta, nasikia sauti yake: unamnenepesha. Huwa nachukua mkasi.

Basi nilimkuta siku ile kama Thecla alivyosema. Chumba kina harufu ya dawa ya kuchua, kitanda katikati, na somo wangu na fimbo yake akikizunguka. "Shikamoo, somo." "Marahaba. Umetoka nyumbani? Kuna msiba?" Nikakaa kwenye kiti nikamtazama. Alikuwa anageuka kwenye kona ya kitanda bila kugusa kitu, hatua zimenyooka, fimbo haigusi chini sawasawa. Alikuwa anatembea vizuri kuliko mimi. "Naongeza nguvu," akasema bila kuulizwa. "Bado kidogo." Akazunguka tena. Akazunguka tena. Nikangoja afike usawa wangu. "Somo," nikasema, "hawa si vyura wale wale wa mwanzo?"

Akasimama. Kwanza akanikazia macho, yale ya zamani ya juu ya ndoo. Halafu mwanya ukaanza kuonekana upande mmoja, ukaenea. "Mtoto mbaya wewe," akasema. "Mtoto mbaya kabisa." Nikainuka nikafungua mlango, sikumshika mkono. Akautazama uwazi ule, akashusha pumzi, akatoka. Ukumbi. Kizingiti. Baraza, na jua lote la Bigwa. Uani palikuwa na kuku wawili, kamba ya nguo, na ile ngazi iliyomwangusha, yenye kimo cha ndoo. Akaitazama kwa muda. "Ndiyo huyu?" akaniuliza. "Ndiyo huyo, somo." Akaweka fimbo chini, akashuka.

Sikupiga cha kiganjani. Niliinua kichwa nikapiga kizima, Thecla akanidaka kutoka jikoni, na ng'ambo ya njia dirisha likafunguliwa, sauti kuukuu iliyopasuka kidogo lakini bado ya kuitia watu mlima wa pili, ikauliza, "Nani ameiva huko?"

Somo Blandina alikuwa amesimama katikati ya uani, anahema, uso ameupa mlima. "Mwambie," akasema, "ni mimi."